Maswali Yenu: Kulala Peke Yako Ugalla, Tambarare na Maji Maji

Mwezi huu meseji zenu nyingi zimeangukia sehemu moja, Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na nimefurahi kweli maana ni hifadhi iliyo mlangoni kwetu watu wa Tabora na bado wengi tunaisikia tu redioni. Nimechagua maswali matano. La kwanza nimelijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake kuna maswali ya watu kama kumi hivi.

Dada shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tabora mjini, darasa moja lina watoto wengi mno na jioni nikirudi nyumbani masikio bado yanalia. Likizo ya mwezi wa sita nataka niende Ugalla nikalale kwenye hema siku mbili tatu, peke yangu, sitaki kundi wala muziki. Mama anasema mtoto wa kike haendi porini peke yake, watu watasema ana matatizo. Na shoga yangu aliyewahi kupita huko anasema hakuna kitu, tambarare tupu na maji maji, utaamka umeloa. Je, mtu mmoja anaruhusiwa? Na hema naliweka wapi? – Mwalimu, Tabora

Marahaba mwalimu. Kuruhusiwa unaruhusiwa, na nakuomba uende. Ila tuelewane kwanza hapo kwenye peke yako, manake ndipo mama yako ana hoja na we una hoja. Peke yako maana yake huna wa kupiga naye stori, huna wa kumpikia, huna wa kukuuliza tunaondoka saa ngapi. Haina maana kwamba hakuna anayejua uko wapi. Ugalla ina simba, ina tembo, nyati wapo, viboko na mamba ndo usiseme, kwa hiyo unaingia kwa kujiandikisha, unalala sehemu ya kambi waliyokuonyesha wenyewe TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na siyo popote roho ikipenda, na ukitaka kutembea kwa miguu unatembea na askari wa hifadhi mwenye silaha. Watu wengi wanaona askari atawaharibia utulivu. Mwambie tu ukweli, kaka mi nimekuja kupumzika, naomba tutembee kimya, utashangaa jinsi anavyokuelewa, maana yeye kazi yake yenyewe ni kukaa kimya na kusikiliza, huenda akakuzidi.

Mambo ya malipo yamalize ukiwa bado kwenye mtandao. Wanatumia ile namba ya malipo ya serikali, hawapokei noti mkononi, sasa ukifika huko ndani simu haishiki hata kijiti kimoja unaanza kuzunguka zunguka juani na simu juu. Wapigie kabla, uliza lango lipi linapitika wiki hiyo, uliza kambi ipi iko wazi, lipia ukiwa Tabora au Urambo, lami inafika mpaka huko kwa hiyo hiyo safari ya mwanzo haina shida.

Na mama. Mama usimshinde kwa maneno, mpe vitu vya kushika. Namba ya simu ya ofisi ya hifadhi, aina ya gari na namba zake, siku unayoingia, na saa utakayompigia ukishatoka ukiwa umefika penye mtandao. Halafu hiyo saa uiheshimu kama kipindi chako cha kwanza asubuhi. Mzazi akiona binti kasema saa kumi na saa kumi simu imeita, safari ya pili hata hakuulizi. Hao watu watakaosema una matatizo waache waseme, mtu anayeshinda na watoto mia darasani akatamani siku mbili za kimya hana tatizo lolote.

Sasa maji, na hapa shoga yako hajadanganya. Ugalla kweli ni tambarare na kweli inaloa. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, inaanza Novemba hivi mpaka Aprili, na ule mto ukishajaa hauna mteremko wa kuukimbiza, ndo maana unatanuka kwenye majani unakaa, unaenda taratibu sana kuelekea ziwa Sagara na mabwawa yake mpaka uukute Malagarasi. Chini kuna ule udongo mweusi wa mbuga, mfinyanzi, ukishanywa maji hauachii. Kwa hiyo Juni mvua zimekwisha, jua linawaka, mbingu bluu, we unasema kiangazi hiki, kumbe kwa chini ardhi bado inasikilizia mvua za Machi.

Lakini tambarare haiko sawasawa kama meza, na hii ndo siri yote ya kulala mkavu. Kupanda kwa nusu mita tu kunabadilisha kila kitu, na hiyo nusu mita jicho halikuonyeshi, miti ndo inakuonyesha. Palipo na majani matupu bila mti hata mmoja jua maji hukaa hapo miezi, miti ya porini mingi haivumilii miguu kwenye maji muda wote huo. Palipoanza miyombo mikubwa na mininga, hapo umeshapanda, udongo unageuka kuwa wa kichanga na rangi inafifia. Katikati kuna ule ukingo, majani upande huu na msitu upande ule. Kambi nyingi nzuri ziko hapo, na hapo hapo ukipewa nafasi ya kuchagua sogea hatua thelathini hivi ndani ya miti. Bado utauona uwanda wote mbele yako.

Angalia pia vichuguu. Utaviona vimesimama katikati ya majani na juu yake kichaka cha miti imejazana kama watu waliokimbilia darini wakati wa mafuriko, na sababu ni hiyo hiyo kabisa, hapo maji hayafiki. Ila usiende ukaweka hema juu ya kichuguu chenyewe! Kina matundu na kwenye matundu kuna wenyewe, nyoka anapenda sana hapo. Kichuguu kinakusaidia kusoma tu. Angalia shina lake au shina la mti wa jirani, utakuta mstari wa tope lililokauka, hapo ndo maji yalifika mwaka huu. Angalia vichaka vidogo kama vimenasa majani makavu kwa chini, hayo yaliletwa na maji. Angalia nyayo za nyati, kama zimezama zikakaukia hivo hivo kama vikombe, nyati huyo alipita kwenye tope na wewe utalala kwenye tope.

Mwisho chukua kigingi kimoja cha hema, kisukume ardhini kwa kidole gumba tu. Kikiingia bila kubisha na kikitoka kimebeba udongo mweusi unaong'aa unaoweza kuufinyanga, hama. Kikigoma mpaka utafute jiwe, au kikitoka na mchanga unaodondoka wenyewe, hapo ni pako.

Halafu kuna huku kuloa kwa aina mbili ambako watu wanakuchanganya. Unaweza ukawa juu ya ardhi kavu kabisa na bado ukaamka maji yanadondoka usoni, watu wanasema hema limevuja. Halijavuja. Usiku wa Juni na Julai huku ni baridi kweli, hewa ya bondeni imejaa unyevu, na pumzi yako mwenyewe usiku kucha ina maji, ikigusa kitambaa cha baridi inageuka matone. Dawa yake ni hewa ipite, acha madirisha ya wavu wazi hata kama unasikia baridi, uongeze blanketi, kuliko kufunga zipu zote ukajifukiza. Na ile turubai unayotandika chini ya hema ikunjie kwa ndani, isitokeze hata kidole kimoja nje ya sakafu ya hema. Ikitokeza, umande unaoteremka ubavuni unapokelewa na turubai unapelekwa moja kwa moja chini ya mgongo wako. Ndani tandika mkeka kwanza ndo godoro, ule mkeka wa kawaida wa ukindu, baridi ya ardhi ndo inayokunyima usingizi kuliko hata ya hewa.

Njia za viboko. Kiboko mchana yuko majini, jioni anatoka anaenda kula majani, na alfajiri anarudi kwa njia ile ile aliyopitia jana na juzi. Ni njia pana, imelimwa katikati, mara nyingi pembeni ina kinyesi kilichotawanywa kwenye vichaka. Usiwe juu ya njia hiyo, na usiwe katikati ya yeye na maji. Maji ya kunywa na kupikia beba kutoka nyumbani yote, usiende kuchota mtoni, mamba anajua watu wanachota wapi kuliko watu wanavyojua mamba yuko wapi.

Usiku wa kwanza utaogopa, nakwambia mapema ili usidhani una kasoro. Giza la Ugalla ni giza hasa. Vyura wanaanza mmoja mmoja afu ghafla wote, na viboko wanaguna ile sauti nzito ya kushuka ngazi, na kwa sababu ni tambarare hakuna kilima cha kuzuia sauti, kiboko wa kilomita mbili unamsikia yuko nyuma ya hema. Ukilijua hilo unalala. Kama una haja ya kutoka usiku, washa tochi ukiwa bado ndani, fungua zipu kidogo, zungusha mwanga taratibu pande zote ukitafuta macho yanayorudisha mwanga, ukiona macho subiri. Au beba kopo lenye mfuniko, mtu mzima hana aibu na hilo.

Habari dada. Niko Kigoma, hifadhi nilizozoea ni Gombe na Mahale ambako unafika kwa boti na unapanda milima, gari halihusiki. Sasa huko Ugalla nataka kwenda na Rav4 yangu ya zamani, niko mwenyewe, nikikwama itakuwaje? Na bodaboda je? – Kaka wa Mwanga

Karibu kaka yangu wa Mwanga. Umeuliza vizuri kwa sababu mtu wa milimani anaogopa mteremko, na huku mteremko haupo, adui ni huo udongo mweusi niliousema hapo juu. Ukiwa mkavu ni barabara nzuri tu ina nyufa, ikinyesha nusu saa tairi zinavaa viatu vya tope na gari linateleza likiwa limesimama.

Julai mpaka Septemba mwishoni ndo wakati wako. Oktoba pia panapitika lakini joto linapanda na mvua za kwanza zinaweza kukuvizia. Kuanzia Desemba mpaka Aprili na hiyo Rav4 usijaribu, sehemu kubwa haipitiki na hata magari yao wenyewe yanahangaika. Mei na Juni mwanzoni inategemea mwaka, ndo maana nimesema piga simu uliza wiki hiyo hiyo, usitegemee mtu aliyekwenda mwaka jana.

Ukiwa ndani fuata barabara iliyopo hata kama ina mashimo. Kishawishi kikubwa cha tambarare ni kukata kona, unaona ule mti pale unasema si napita tu hapa kwenye majani, yako mazuri ya kijani. Kijani cha Agosti wakati kila kitu kimekauka ni maji kaka, hakuna kingine kinachoyapa ile rangi. Ukihisi gari linaanza kuzama usikanyage mafuta, tairi linazunguka linachimba kaburi lake. Simama, rudi nyuma kwa nyayo zako ulizojia, zilishakubeba mara moja. Ikishindikana toa upepo kidogo kwenye matairi yakae bapa, fukua tope mbele ya tairi, weka mbao. Kwa hiyo kwenye buti kuwe na sepeto, vipande viwili vya mbao, pampu ya upepo, kamba ya kuvutia na maji ya siku moja zaidi ya ulizopanga. Na kama uko mwenyewe na gari limekataa, baki na gari. Umeshajiandikisha langoni, umesema unatoka lini, usipotoka watakufuata, na gari linaonekana kuliko mtu. Kuanza kutembea kwa miguu mle ndani jioni ndo kosa litakalokugharimu.

Bodaboda achana nayo. Pikipiki na simba havikai pamoja, mwambie akushushe nje.

Da, mimi si muoga wa wanyama ila naogopa homa. Nimesikia Ugalla kuna ndorobo, wale nzi wanaoleta malale, ugonjwa wa usingizi. Ni kweli au stori za wazee? Nikipaka dawa ya mbu inatosha? – Msomaji, Urambo

Ni kweli, na nyie watu wa Urambo mngekuwa wa kwanza kulijua. Malale imeandika historia ya mkoa huu. Wakati wa Mwingereza kuna vijiji vilivyotawanyika porini vilihamishwa watu wakakusanywa sehemu moja kwa ajili ya malale tu, na mapori mengi ya magharibi yaliyobaki bila watu na ng'ombe yalilindwa na huyo ndorobo kabla askari yeyote hajaajiriwa. Wenzetu wengine wanamuita mbung'o, mdudu ni yule yule.

Kuumwa na ndorobo siyo kuumwa malale, wengi wao hawana vimelea. Ila wachache wanao, na aina ya malale iliyo huku kwetu inakwenda haraka, siyo ya kukaa nayo miaka kama ile ya Afrika Magharibi. Kwa hiyo tusiogope kupita kiasi na tusidharau.

Dawa ya mbu inamsumbua kidogo tu, haimzuii. Yeye anafanya kazi mchana, anafuata kitu kinachotembea na anapenda rangi ya giza, bluu na nyeusi hasa. Umeshawahi kuona vile vitambaa vya bluu na nyeusi vinavyotundikwa porini? Ndiyo mitego yake, sasa wewe ukivaa jinzi ya bluu na tisheti nyeusi umejitundika mwenyewe. Vaa kaki, vaa rangi ya majani makavu, mikono mirefu, kitambaa kizito kidogo maana kitambaa chepesi anakichoma kama hakipo. Gari likitembea taratibu funga vioo hata kama joto linakuua, wakiingia wanne ndani safari imeharibika. Ukishafika kambini umekaa chini hutembei, wanapungua sana, na hiyo ni sababu nyingine ya mimi kuwaambia watu mkae.

Usiku ni zamu ya mbu, hapo ndo dawa ya kupaka na wavu wa hema vinafanya kazi, na penye maji yaliyosimama mbu hana likizo. Waulize wahudumu wa afya kuhusu dawa za kinga ya malaria kabla hujaenda.

Naomba hili la mwisho ulibebe kichwani. Ukirudi nyumbani, ukapata homa na kichwa kuuma ndani ya wiki tatu nne hivi, au pale ulipoumwa pakavimba pakawa kidonda chekundu, nenda hospitali na mwambie daktari kwa mdomo wako mwenyewe, nililala Ugalla, niliumwa na ndorobo. Asipoambiwa atapima malaria, kipimo kitaonyesha hakuna, utapewa panadoli urudi kulala, na malale inaendelea. Akiambiwa ataagiza damu iangaliwe kwa darubini. Malale ikikamatwa mapema inatibika, ikishafika kwenye ubongo ndo matibabu yanakuwa mazito. Sentensi moja tu kwa daktari.

Mwanangu hujambo. Mimi ni mzee wa Kaliua. Enzi zetu Ugalla tuliingia kuvua na kurina asali kwa kibali, msimu wa kiangazi, tukakaa kambini wiki na wiki. Sasa naona vijana wanalipa pesa waende wakakae tu kwenye majani. Hawavui, hawarini. Wanaangalia nini? – Mzee, Kaliua

Sijambo mzee wangu, shikamoo. Swali lako nimelisoma mara nyingi na limenigusa. Ugalla lilikuwa Pori la Akiba tangu mwaka 1965, na mizinga ya magogo ya watu wa Kaliua, Urambo na Sikonge ilining'inia humo miaka mingi, kisha mwaka 2019 likawa Hifadhi ya Taifa, kilomita za mraba 3,865, na sheria za hifadhi ya taifa ni ngumu kuliko za pori la akiba. Kuna familia zilizopoteza kipato hapo na mimi siwezi kuandika sifa za Ugalla nikajifanya hilo halipo. Nyie ndo mliojua kila bwawa lina jina gani. Natamani hao vijana kabla ya kwenda wapite kwanza kwa wazee kama wewe wakae kibarazani saa moja, wangejua wanachokiangalia.

Wanachoangalia, mzee, ni kile ambacho wewe ulikiona bure wakati unasubiri nyavu. Kijana wa mjini hajawahi kusubiri kitu porini. Akienda Ugalla na mwendo wa mjini anazunguka na gari saa tatu, anaona majani, maji, majani, anasema hakuna kitu, anarudi. Ugalla haina mlima wa kupiga nayo picha. Lazima akae sehemu moja ukingoni toka asubuhi, halafu mbuga ije kwake. Saa mbili ukungu unanyanyuka, anamuona tohe amesimama hapo hapo muda wote. Furukombe analia juu ya mti mkavu. Kuna yule ndege mwekundu mwekundu mwenye vidole virefu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi, anainua jani kwa mdomo anachungulia chini, anaenda la pili, anachungulia, anafanya hivyo mpaka bwawa liishe, na kijana aliyekaa kimya anaanza kumfuatilia jani kwa jani, simu amesahau mfukoni. Mchana palahala wanatoka msituni kwa mstari kuja kunywa, dume jeusi lile lenye pembe zilizopinda nyuma, na mtu anayezunguka na gari halioni kwa sababu limesikia injini kabla.

Na kuna jambo ambalo mimi mwenyewe kila nikilifikiria linanifurahisha. Hayo maji yaliyolowesha majani ya Ugalla yanaingia Malagarasi, yanapita Uvinza, yanaingia Ziwa Tanganyika, yanatokea upande wa Kongo kwa mto Lukuga mpaka mto Kongo wenyewe, yanamwagikia bahari ya Atlantiki. Tabora iko nchi ya bahari ya Hindi na maji yake yanakwenda upande mwingine kabisa wa Afrika, tena taratibu, yakikaa kaa njiani kwenye mabwawa miezi. Eneo lote hilo la maji ya Malagarasi na Muyovozi ndilo la kwanza Tanzania kuwekwa kwenye mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu, mwaka 2000, hekta zaidi ya milioni tatu. Dunia iliona thamani ya haya majimaji wakati sisi bado tunayaita hakuna kitu.

Kuhusu kuvua, kijana yeyote anayesoma hapa asibebe ndoano wala nyavu kwa kubahatisha, aulize langoni kwanza utaratibu ukoje. Na asali yako mzee, waambie wajukuu wasiweke hema chini ya mti wenye nyuki au wenye mzinga wa zamani, harufu ya jasho na moshi wa jiko unajua mwenyewe nyuki wanaichukuliaje.

Aunt, naenda na mimi mwenyewe! Nibebe chakula gani ambacho hakiharibiki na hakiiti fisi? – Binti, Kigoma Ujiji

Hongera binti. Najua mtu wa Ujiji atataka kubeba dagaa, na mimi nawapenda, lakini dagaa kwenye hema usiku harufu yake inatangaza mpaka ng'ambo ya mto. Ukibeba wale mchana, wafunge kwenye chombo cha plastiki kigumu chenye mfuniko, mabaki usiache nje.

Tabora hapa pita sokoni ununue matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, vinakaa muda mrefu bila friji, havina harufu, unavitafuna hivo hivo au unavirudisha kwenye maji moto asubuhi na chai. Karanga za kukaanga, asali chupa ndogo, unga wa uji, ndimu. Mtungi mdogo wa gesi ndo jiko lako, kuni usikate humo ndani. Pika mapema jua bado liko juu, ule, uoshe sufuria, chakula chote kilale ndani ya gari vioo vimefungwa na siyo ndani ya hema, hata biskuti, hata dawa ya meno. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku toka Juni 2019 kwa hiyo takataka weka kwenye kiroba au ndoo yenye mfuniko urudi nayo mjini. Na maji, binti, hesabu ya kunywa, ya kupika na ya kunawa, halafu ongeza nusu yake.